Dawa Mkononi na Chumvi Chunguni

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, suala litazamwalo katika kurasa hizi ni hili. Mtu ana maradhi ya kupanda damu, yale ambayo watu huyaita presha. Tabibu amempa vidonge, naye humeza kimoja killa asubuhi bila ya kukosa. Kisha hukaa mbele ya sinia, akala papa mkavu na achari na mchuzi uliokolea chumvi, na akionywa husema, "Dawa nimekwisha kumeza." Je, mtu huyu ametimiza haki ya kiwiliwili chake? Na yule aliyempikia, hali ya kuwa ajua kuwa ni mgonjwa, je, hana fungu lake katika jambo hili? Na mwenyeji aliyemshika mkono akamwambia, "Kula, leo tu haidhuru," je, amemkirimu ama amemdhuru?

Huenda mtu akayaona haya ni masuala madogo, kwani habari yenyewe ni ya kijiko cha chumvi. Lakini ukubwa wa jambo haupimwi kwa mwanzo wake, hupimwa kwa mwisho wake. Nyumba ngapi zimeamka alfajiri zikamkuta mzee wao amelala upande mmoja wa mwili haujitambui, ulimi umekuwa mzito, na watoto wanaulizana: "Jana si alikuwa mzima?" Naye hakuwa mzima jana, wala juzi, wala mwaka uliopita, ila maradhi yake hayakuwa na sauti.

MARADHI YASIYOBISHA HODI

Moyo husukuma damu katika mishipa, na damu ipitapo husukuma kuta za mishipa hiyo. Msukumo huo ukizidi kadiri yake, na ukakaa katika kuzidi siku zote, ndiyo maradhi yenyewe. Mwaka 1896 tabibu wa Kitaliana, Scipione Riva-Rocci, alitoa kipimo cha mkanda ufungwao mkononi na kujazwa hewa; na mwaka 1905 Mrusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha namna ya kuusikiliza mshipa chini ya mkanda ule. Kwa kipimo hicho hutajwa namba mbili: ya juu ni ya wakati moyo unapojikunja kusukuma, na ya chini ni ya wakati unapopumzika. Zikifika 140 kwa 90 ama zaidi, na zikaonekana hivyo kwa kupimwa siku zaidi ya moja, Shirika la Afya Ulimwenguni huhesabu kuwa mtu ana maradhi haya.

Khatari yake ni ukimya wake. Homa humlaza mtu, na jino humnyima usingizi, kwa hivyo mgonjwa hukimbilia dawa. Damu iliyopanda haimwambii mtu kitu. Hula na kucheka na kwenda sokoni, na huku mishipa ya ubongo na moyo na figo na macho inaharibika kidogo kidogo. Mwaka 2021 Shirika hilo lilieleza kuwa watu wa umri wa miaka 30 hadi 79 wenye maradhi haya duniani wapata milioni 1,280, na kwamba karibu nusu yao hawajijui kuwa wanayo. Thuluthi mbili ya watu hao wamo katika nchi za kipato kidogo na cha wastani. Basi asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya matajiri wanenepao kwa raha. Yamo katika nyumba za makuti kama yalivyomo katika majumba ya ghorofa.

Wala asilaumiwe mgonjwa kwa kuugua. Wako walioyarithi kwa wazazi wao, na wako walioyapata kwa kukua umri. Lawama si kwa maradhi. Mazungumzo ni juu ya yale ambayo mtu ana khiari nayo baada ya kujua.

ZAMANI PALIKUWA NA KINYWA TU

Watu wa zama hizi wamezaliwa wakaikuta dawa, kwa hivyo hudhani kuwa mgonjwa wa damu tangu hapo alikuwa na kidonge chake. Sivyo. Rais wa Marekani, Franklin Roosevelt, alipopimwa mwezi wa Machi 1944 na tabibu wa moyo Howard Bruenn, damu yake ilikuwa 186 kwa 108. Huyu ni mtu aliyekuwa na dola kubwa chini ya amri yake, walakini matabibu wake hawakuwa na dawa ya kuishusha damu ile mfano wa dawa za leo. Walimpunguzia chumvi na kazi na sigara, wakampa na dawa ya kuutia moyo nguvu. Tarehe 12 Aprili 1945 damu ilimvujia katika ubongo, akafa siku ile ile, naye ana umri wa miaka 63. Na kipimo cha siku hiyo kilionyesha 300 kwa 190. Pamoja na utukufu wake, alikosa kitu ambacho leo mvuvi hukipata kwa fedha kidogo dukani.

Katika miaka hiyo hiyo tabibu Walter Kempner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akiwalisha wagonjwa wake katika Chuo Kikuu cha Duke wali usiotiwa chumvi, na matunda, na sukari. Ni chakula kigumu kukivumilia, wala si killa mtu aliyekiweza. Lakini miongoni mwa waliokivumilia wako ambao damu yao ilishuka, na moyo uliokuwa umetanuka ukarejea kupungua. Huu ulikuwa ni ushahidi kwamba kinywa peke yake kina nguvu.

Kisha ukafunguliwa mlango. Mwaka 1958 ilianza kutumika klorothiazidi, dawa ya kukojosha. Mwaka 1981 huko Marekani ilipata idhini kaptoprili, ambayo asili ya kuijua ni kuichungua sumu ya nyoka mmoja wa Brazili. Zikafuata amlodipini na losatani na nyinginezo, na leo maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi kwa sababu ya dawa hizo. Hii ni neema, na neema haki yake ni shukrani. Lakini watu wengi wameifanya neema hii kuwa udhuru. Mgonjwa wa mwaka 1944 alikuwa na ngao moja tu, nayo ni kinywa chake. Mgonjwa wa leo amepewa ngao ya pili, naye kwa kuipokea ya pili akaitupa ya kwanza.

CHOMBO KINACHOVUJA

Baharia ajuaye kazi yake, chombo kikivuja, hufanya mambo mawili: hufua maji yaliyokwisha kuingia, na huziba tundu kwa kalafati. Akifua bila ya kuziba, atafua usiku kucha, na mkono ukichoka maji humshinda. Mwenye kumeza dawa na kula chumvi nyingi ni mfano wa baharia huyo.

Maana yake ni hii. Chumvi iingiapo mwilini huzuia maji pamoja nayo, kwani mwili haukubali damu kuwa na chumvi iliyozidi kadiri. Maji yakizidi, damu huzidi ndani ya mishipa ile ile, na msukumo hupanda. Dawa ya kukojosha kazi yake ni kuziamrisha figo zitoe chumvi na maji. Basi mtu anayekula ng'onda mchana huirejesha kwa mkono wa kulia ile chumvi iliyotolewa kwa mkono wa kushoto. Na dawa za namna ya kaptoprili nazo hupungukiwa na nguvu zake penye chumvi nyingi. Tabibu akiona damu haishuki huongeza dawa, na dawa ikiongezwa huongezeka madhara yake na gharama yake. Na huenda kilichotakiwa kuongezwa hakikuwa dawa bali ni akili chunguni. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha wazi kwamba killa chumvi ilivyopunguzwa katika chakula damu ilishuka, na iliposhuka zaidi ni kwa wale waliokula pia matunda na mboga kwa wingi.

Kadiri iliyowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni ni chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku nzima kwa mtu mzima, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Na ndani ya kijiko hicho imo na ile isiyoonekana. Walakini wastani wa watu wazima duniani ni karibu gramu 11. Chumvi isiyoonekana ndiyo imdanganyayo mtu. Imo katika mkate, na katika vidonge vya kukoleza mchuzi, na katika achari, na katika bisi na karanga ziuzwazo njiani. Imo katika papa na ng'onda na katika dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hata magadi, ambayo mpishi hutia ili maharage yaive upesi, yana sodiamu ndani yake, nayo ndiyo ile ile inayodhuru katika chumvi, ijapokuwa ulimi hauionji hivyo.

WEMA USIO NA ELIMU

Hapa pana jambo la pili la kuangaliwa. Wako watu waliokwisha kuogopa chumvi, wakataka kujitibu kwa chakula, lakini hawakuuliza. Jirani amesema kula hiki, na shangazi amesema kunywa kile, nao wakafuata. Nia yao ni njema. Lakini nia njema haiibadilishi tabia ya kitu.

Chukua mfano wa balungi. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake, katika mji wa London ulioko Kanada, walikuwa wakichungua kama ulevi huigeuza kazi ya dawa ya damu iitwayo felodipini. Na ili kuificha ladha ya ulevi walitumia maji ya balungi. Wakastaajabu kuona kuwa dawa imezidi sana katika damu za watu. Ilibainika baadaye kuwa kosa ni la balungi lenyewe, kwani huizuia ile kazi ya utumbo ya kuivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia mwilini. Hivyo mtu amemeza kidonge kimoja, na mwili umepokea kama kwamba amemeza kadha. Danzi nalo, lile chungu, limeonekana kuwa na tabia hiyo hiyo kwa felodipini. Si dawa zote za damu zilizo hivyo, wala chungwa tamu halimo katika habari hii; na kwa sababu hiyo ndipo mtu hulazimika kuuliza dawa yake ni ipi.

Mfano mwingine ni chumvi ya badala, ambayo sehemu yake ni potasiamu. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika vijiji 600 vya Uchina kwa watu wapatao 21,000, na wale waliopewa chumvi hiyo walipatwa na kiharusi kwa uchache kuliko wenzao. Hili ni jambo la kheri. Lakini potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Na anayemeza kaptoprili na zifananazo nayo, ama losatani, ama spironolaktoni, na khasa mwenye figo dhaifu, mwili wake huishika potasiamu wala hauitoi upesi. Kwa mtu huyo, kitu kilichomponya jirani chaweza kumwangamiza yeye. Hata maji ya madafu, ambayo watu wa pwani huyahesabu kuwa hayana ila, yana potasiamu nyingi. Mzima huyanywa kwa raha, na mwenye figo mbovu sharti amuulize tabibu.

Na ule mzizi mtamu wa susi, ambao Wamisri hunywa maji yake khasa katika mwezi wa Ramadhani, hupandisha damu na huipunguza potasiamu mwilini ukinywewa kwa wingi. Na miraa, ambayo wako wanaoitafuna wakadai kuwa si kitu ila ni majani, huuendesha moyo mbio na huipandisha damu. Ama kitunguu saumu, ni kiungo chema cha chakula. Lakini mtu akiacha vidonge vyake akakitegemea kitunguu, amefanya biashara ya khasara. Na kuziacha kwa ghafula baadhi ya dawa hizi huifanya damu iruke juu kwa ghafula, ikawa khatari kuliko mwanzo.

Katika mifano hii yote somo ni moja. Anayetoa hukumu ya sheria bila ya elimu hulaumiwa na watu wote, kwani hupoteza watu. Basi kwa nini asilaumiwe anayetoa hukumu ya dawa bila ya elimu, hali ya kuwa naye aweza kuwaua? Ni wajibu wa mgonjwa kulijua jina la dawa yake kama ajuavyo jina la mtaa wake, na kumuuliza aliyempa: "Je, kuna chakula kisichopatana na dawa hii?" Suala hilo halimgharimu kitu.

HOJA NA JAWABU ZAKE

Huenda akasema msemaji: "Umri umekwisha kuandikwa, chumvi haiuongezi wala haiupunguzi." Jawabu yake ni kwamba mtu huyu hasemi hivyo juu ya mlango wake, usiku ukiingia huufunga kwa komeo, wala hasemi kuwa mali yake imekwisha kuandikwa. Wala hasemi hivyo juu ya kidonge chake, kwani angesema kweli asingelikimeza. Mtume alimwelekeza mwenye ngamia kumfunga kwanza ngamia wake kisha ndipo ategemee. Basi kuhifadhi kinywa ni katika kumfunga ngamia, na kutegemea huja baada yake.

Na huenda mwengine akasema: "Mwili ni wangu, na nikijidhuru sikumdhuru mtu." Hili nalo halisimami, kwa njia mbili. Ya kwanza, mwili ni amana, na aliyepewa amana hana rukhusa ya kuiharibu kwa sababu tu imo mkononi mwake. Salman alipomwona Abu Dardaa akijikalifu kwa kufunga na kukesha, alimkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume akayasadikisha maneno ya Salman. Ikiwa ibada yenyewe haikuwa udhuru wa kuidhulumu nafsi, itakuwaje udhuru kwa achari? Na njia ya pili, si kweli kwamba hakumdhuru mtu. Akipatwa na kiharusi, ni mkewe atakayemgeuza kitandani, na binti yake atakayeacha chuo ili amlishe, na mwanawe atakayeuza mashua ili amlipie. Madhara ya kinywa kimoja huliwa na watu wa nyumba nzima.

Na wa tatu husema: "Haya ni maneno ya wenye uwezo. Maskini hula anachokipata, na ng'onda ndiye rahisi." Hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, wala haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba maskini hana khiari kama ya tajiri, na asiye na khiari halaumiwi kama mwenye nayo. Lakini yapo mambo ambayo hayataki fedha. Ng'onda akirowekwa, maji yake yakamwagwa, kisha akarowekwa tena, hupungua chumvi. Maharage yakilazwa katika maji usiku huiva bila ya magadi. Ndimu na ukwaju na tangawizi na pilipili manga na bizari hukipa chakula ladha. Na ulimi wenyewe hufundishika. Kwa muda wa wiki kadha mtu aliyepunguza chumvi huona kile alichokipenda zamani kuwa ni kikali. Na pale ambapo uwezo wa maskini unakoma, wajibu huhamia kwa anayemlisha na anayemwajiri na anayemwuzia. Mwenye tanuri ya mkate akipunguza chumvi katika unga wake huwanufaisha watu ambao hatawajua kamwe.

MGENI NA MWENYEJI NA MPISHI

Sasa hufikiwa pahali penye ugumu zaidi, kwani adui wa mgonjwa hapa si ulafi bali ni haya. Na upigwe mfano wa mzee mmoja mwenye maradhi haya, mwenye kujihifadhi nyumbani kwake. Amealikwa harusini kwa mkwewe. Pilau imeletwa, na achari, na mchuzi wa papa, na mkwe mwenyewe amesimama juu ya sinia akisema, "Baba, mbona huli? Ama chakula chetu hakikupendezi?" Mzee anaona haya kusema kuwa ni mgonjwa mbele ya watu, na anaona vibaya kumvunja moyo mwenye furaha. Anakula. Usiku ule hapatwi na kitu, na hapo ndipo ulipo mtego; kwani angepatwa na maumivu angelijifunza, lakini kwa kuwa hakuona kitu, wiki ya pili akialikwa maulidini hula tena, na ya tatu khitimani hula tena. Mpaka neno "leo tu" limekuwa ndilo desturi ya killa leo.

Je, ukarimu unamlazimisha mgeni kula kinachomdhuru? Mwenye kufikiri ataona kuwa haki ya mwenyeji juu ya mgeni ni kuitikiwa wito wake, kukaa katika majlisi yake kwa uso mkunjufu, kukisifu alichokiandaa, na kumwombea dua. Tumbo la mgeni halimo katika haki hizo. Mgeni aliyekula wali mweupe na matunda, akashukuru kwa moyo safi, ametimiza. Na aliyekula vyote kwa kuogopa macho ya watu hakumkirimu mwenyeji, bali amemfanya kuwa sababu ya madhara bila ya yeye mwenyewe kujua. Kwa hakika huku ni kumdhulumu mwenyeji, kwani lau angeambiwa kweli, yeye mwenyewe angelikuwa wa kwanza kuliondoa bakuli la achari.

Kwa hivyo wajibu wa mgonjwa ni kusema kweli, na kuisema mapema. Kusema "Mimi nina presha, sili chumvi" si aibu wala si kuomba huruma. Ni kutoa khabari, kama baharia atoavyo khabari ya mwamba. Na katika majlisi ya watu kumi, huenda wako wawili wenye maradhi hayo hayo waliokaa kimya kwa haya. Akisema mmoja, huwafungulia njia wenziwe.

Na wajibu wa mwenyeji ni kutokulazimisha. Desturi ya kumsukumia mgeni chakula asili yake ni mapenzi, lakini mapenzi yakikutana na maradhi sharti yabadili njia. Na aulize kabla: "Kuna mtu asiyekula chumvi?" Suala hilo moja, likiulizwa jikoni kabla ya chungu kutelekwa, ni bora kuliko sinia mia.

Ama mpishi, yeye ndiye mwenye amana kubwa iliyosahauliwa. Mgonjwa hutia chakula kinywani, lakini chumvi ilitiwa na mkono wa mwingine. Wala isifahamike kuwa haya ni kumtwika mwanamke mzigo mwingine juu ya mizigo yake; mume amwachiaye mkewe kujua habari za dawa yake yote, kisha akamkemea kwa kuwa mchuzi hauna ladha, huyo ndiye mdhulumu. Njia iliyo nyepesi na ya haki ni chungu kipikwe bila ya chumvi ama kwa chumvi kidogo sana, na chumvi iwekwe katika kibakuli pembeni, achukue atakaye. Wazima hawakosi kitu, na mgonjwa hakutengwa na watu wake akala peke yake kama mwenye ukoma. Hili la kutotengwa si dogo. Wengi huvunja miiko yao si kwa kuitamani chumvi, bali kwa kuichukia upweke wa sahani yao.

MWEZI WA RAMADHANI

Katika mwezi huu jambo hili hudhihiri kuliko miezi yote. Wako wagonjwa waachao dawa zao mchana, na usiku wakazisahau kwa shughuli, wakadhani kuwa wamezidisha ibada. Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa rukhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Basi anayejitia katika khatari hali amepewa rukhusa hakumzidishia Mola wake utiifu, bali ameirejesha zawadi aliyopewa. Na wagonjwa wengi ambao damu yao imetulia huweza kufunga, ikiwa tabibu ameuliziwa mapema, tangu mwezi wa Shaabani, akaziweka dawa katika saa za futari na daku. Anayemeza dawa ya kukojosha ndiye apasaye kuuliza zaidi, kwani katika joto la mchana aweza kupungukiwa na maji, damu ikashuka mno akaanguka.

Na futari yenyewe itazamwe. Mtu aliyejizuia mchana kutwa na kilicho halali, kisha jioni akashindwa kujizuia na bajia na sambusa na kachori zenye chumvi, na ajiulize alifunga ili ajifunze nini. Muhogo na ndizi mbichi za nazi zapikika kwa chumvi chache, na uji hautaki chumvi kabisa. Mwezi uliowekwa ili kukitawala kinywa ndio mwezi uliobora wa kumfundisha mgonjwa, na watu wa nyumbani kwake pamoja naye.

KHATIMA

Basi jawabu ya suala la mwanzo ni hii. Mwenye kumeza dawa na kula kinachoivunja dawa hakutimiza; amefanya nusu, na nusu hiyo akaibomoa kwa mkono wake. Mpishi aliyejua akapuuza ana fungu lake, na mwenyeji aliyelazimisha baada ya kuambiwa ana lake; na mgonjwa aliyeficha kwa haya amewabebesha wote hao mzigo ambao hawakuuona. Lakini mgonjwa aliyemeza dawa yake, akauliza kuhusu chakula chake, akasema kweli mbele ya sinia, kisha akashindwa mara moja akarejea, huyo ametimiza kwa kadiri ya uwezo wake. Kwani mtu hakukalifishwa asiloliweza.

Killa anayesoma haya ana mtu wake mwenye maradhi haya, ama ni yeye mwenyewe, ama anayo wala hajui. Wa tatu na akapimwe. Wa pili na ajue jina la kidonge chake. Na wa kwanza, leo jioni chungu kitakapotelekwa, na auzuie mkono wake kidogo kabla ya kuitia chumvi, amkumbuke yule atakayekula.

Wallahu aalam.